Left out maana yake nini jamani

Juma: Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Jamani wa kingereza nisaidieni, jana nimetuma maombi ya kazi leo wamenijibu You left out your phone number. Left si kushoto?? sijaelewa kabisa na mwisho wa kutuma ni leo saa 10 jioni

Mjomba: Marahaba. Left hapo ni leave iliyopita, kuacha. Out ni nje. Namba yako imeachwa nje, yani watu wameiona

Neema: Hapana mjomba samahani, hayo ukiyatafsiri moja moja yanakupoteza. Leave out yakikaa pamoja ni kutokuweka kitu kilichotakiwa kiwepo. Juma hukuandika namba ya simu, umeiruka

Juma: Daah kumbe! Mi nikajua wanasema namba iko kushoto

Neema: Na sio lazima uwe umesahau. Ukipitiwa ni leave out, ukiamua mwenyewe ni leave out vilevile. Mtu akikusimulia ugomvi afu pale alipoanza yeye akaparuka, he left that part out

Mjomba: Sasa mbona that part imeingia katikati?

Neema: Inaruhusiwa. Leave out the date, leave the date out, zote sawa. Ila it na them lazima zikae katikati, leave it out. Leave out it hakuna kabisa. Waingereza utawasikia pia na miss out, you missed out a word, maana ileile

Shangazi: Marahaba wanangu. Na mtu je? maana mdogo wenu juzi kaniandikia I feel left out nikajua kafungiwa mlango, nikahangaika na simu kumbe yuko ndani kwake kalala

Neema: Ni hiyohiyo shangazi 😔 anajiona katengwa, wenzake wanapanga mambo yeye hawamshirikishi. Alikuwa anakwambia ana huzuni

Shangazi: Masikini mwanangu, na mi nikamjibu tafuta funguo. Nampigia sasa hivi

Juma: Neema cheki kabla sijatuma, nimekurushia inbox. Nimeanza na Sorry, I left out it

Neema: I left it out!! It katikati. Na hiyo namba mbona ina tarakimu pungufu, you left out a digit

Juma: Weee kweli, sifuri ya katikati. Nimerekebisha, imeenda