Mkandarasi ameuacha mfumo wetu wa kompyuta wa kuendesha mitambo (SCADA) wazi kwenye intaneti, na pampu ikaamrishwa kuwaka nikiwa nimeishika

Ndugu zangu, nina hasira na sitaificha. Mimi ni fundi umeme kiwandani huku Changamwe. Miezi mitatu nyuma tajiri alimlipa mkandarasi atuwekee njia ya kuingia kwenye seva ya SCADA kutoka mbali, ili mitambo ikigoma usiku wataalamu wa Nairobi waitazame bila kungoja treni. Wazo hilo nililiunga mkono mimi mwenyewe.

Jumanne usiku nimeinama kwenye pampu namba 2 nabadilisha sili. Mara mwenzangu wa chumba cha mitambo apiga kelele: skrini imejifunga, yataka paswadi! Hapo hapo nasikia kontakta, swichi inayoipelekea mota umeme, ikigonga kwenye paneli. Pampu imepewa amri ya kuwaka. Breka ya nguvu nilikuwa nimeizima na kuitia kufuli, ufunguo uko mfukoni mwangu. Lau si kufuli hilo, vidole vyangu vilikuwa ndani ya kaplingi, kile kiungo kinachozunguka kati ya mota na pampu. Wallahi nilikaa chini sakafuni dakika nzima.

Aliyewasha ni kijana wa mkandarasi, yuko kwake Nairobi, ajaribu kama mfumo waitika. Simu hakupiga. Aliingia kwa akaunti ile ile tunayotumia sisi, na Windows Server kwa mipangilio yake ya kawaida humpa kila mtumiaji kikao kimoja. Akiingia wa mbali kwa jina hilo, aliyeketi mbele ya mashine hutolewa. Sisi tulio kando ya mitambo tukawa hatuoni presha, hatuoni vali, hatuoni chochote.

Asubuhi nikafungua ruta. Poti 3389, mlango wa kuiendesha Windows kutoka mbali, imeelekezwa kutoka intaneti moja kwa moja hadi kwenye seva. VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa kwa wasiohusika, hakuna. Jina la kuingilia ni "admin", paswadi ni jina la kiwanda na 123. Nikafungua kumbukumbu za Windows: tukio 4625, yaani mtu kajaribu kuingia akashindwa, limejaa ukurasa baada ya ukurasa, usiku kucha, kutoka anwani za nchi ambazo hatuna biashara nazo. Na seva hiyo ndiyo inayozungumza na PLC, kompyuta ndogo inayoziamrisha pampu na vali, kwa lugha ya mitambo iitwayo Modbus, poti 502. Modbus ni ya mwaka 1979. Haina paswadi, haiulizi nani anaamrisha. Akishavuka seva, mgeni anaandika atakalo.

Nilipompigia mkandarasi akanijibu, "Si imefanya kazi? Na hakuna aliyeumia." Kwenye ankara yake ameandika kazi "salama". Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Msiniambie hakuna atakayehangaika na kiwanda cha Mombasa. Novemba 2023 kituo kidogo cha kusukuma maji cha Aliquippa, Pennsylvania, kiliingiliwa kupitia PLC ya kampuni ya Unitronics iliyokuwa wazi kwenye intaneti. Mafundi wakalazimika kuendesha kwa mkono. Baadaye wakuu wa usalama wa mitandao Marekani wakawahimiza wenye vifaa hivyo wabadilishe paswadi ya kiwandani, 1111. Wavamizi hawakuhitaji kuijua Aliquippa. Programu zao hupekua anwani zote, na yetu imo humo.

Kazi yenyewe si ngumu! VPN kwanza, na programu yake kama WireGuard haina hata malipo. Uthibitisho wa hatua mbili. Mashine ya kati, ili wa mbali asiguse seva ya mitambo moja kwa moja. Kila mtu na akaunti yake, ya kutazama tu, na ruhusa ya kuamrisha ifunguliwe na fundi aliye zamu baada ya kupigiwa simu.

Nimechomoa kebo ya seva inayokwenda kwenye ruta. Tajiri amenipa barua ya onyo kwa "kuhujumu mradi", nami nimejibu kwa maandishi, nikaambatisha picha za zile kumbukumbu. Walioko Shimanzi, Miritini na Jomvu, kama mmewekewa mfumo wa namna hii, fungueni ruta zenu leo mwangalie 3389. Na aliyewahi kumfanya mkandarasi arudi kurekebisha bila kulipwa tena, aniambie aliandika nini kwenye mkataba.