Tanuri ya mikate imepasuka na inakula kuni, nizungushie kioo cha povu?

Mama Mikate, Mbale
Habari zenu wakubwa. Mimi naoka mikate hapa Mbale, tanuri nilijengewa mwaka jana kwa tofali za kawaida na simenti, sasa ufa umetoka mdomoni mpaka nyuma, kidole kinaingia, ukuta wa nje ukigusa unatoa mkono mbio, na kuni za siku mbili zinaisha asubuhi moja. Kuna kijana ananiuzia vipande vya kioo cha povu, yaani kioo kilichojaa vijipovu vya kuzuia joto lisipite, vimetolewa kwenye chumba baridi kilichobomolewa, ni vyeusi, vyepesi sana, nilikwaruza na ukucha kikamomonyoka na kutoa harufu ya yai viza. Anasema havishiki moto kabisa, niviweke ndani. Bei yake ni pesa yangu ya unga wa wiki mbili, naogopa kukosea jamani.

Fundi Katwe
Pole mama. Ndani usiweke! Hiyo harufu ni gesi iliyofungiwa kwenye vijipovu, kwa hiyo kitu chenyewe ni cha kweli, na kweli hakiungui, lakini kinabeba joto la kama digrii 430 tu na moto wa kuni ukikolea unavuka hapo mbali, kitalainika na kunywea. Mahali pake ni safu ya nje kabisa. Inayoanza kukutana na moto iwe tofali za kustahimili moto, nyuma yake blanketi la seramiki, lile jeupe la nyuzi zinazobeba joto la kufikia digrii 1260, halafu ndo kioo chako. Huko nje kitakufaa maana hakinywi maji, na mvua za huko kwenu tunazijua.

Mfinyanzi
Mimi nashughulika na tanuri za vyungu, shida kubwa naiona kwenye simenti. Ikipita digrii 400 na kitu maji yaliyoshikana ndani yake yanaanza kutoka, inabaki unga, ikipoa inavuta unyevu inavimba tena, ndo huo ufa. Jengea udongo wa kustahimili moto, changanya na tofali iliyochomwa ikasagwa, na kiungio kiwe chembamba, milimita 2 au 3, ukijaza nene utapasuka tu. Blanketi unaweza kuligandisha kwa silikati ya sodiamu, ile gundi ya maji inayostahimili joto. Na tafadhali dada, ukilikata vaa barakoa na mikono mirefu, zile nyuzi si za kuvuta. Lililokwishatumika kwenye moto mkali usinunue, vumbi lake ni baya zaidi.

Jirani Manafwa
Blanketi likikushinda bei, kuna vamikulaiti, madini mepesi ya kuzuia joto, inachimbwa Namekara hapo si mbali na wewe. Lakini chukua iliyokwisha kuchomwa ikavimba kama bisi. Ukiweka mbichi itavimbia humo humo ndani ya tanuri na kusukuma kila kitu. Mimi nilichanganya na udongo nikafunika kuba lote.

Mama Mikate, Mbale
Banange, asanteni sana! Sasa huo ufa niuzibe ama nibomoe?

Fundi Katwe
Kama kidole kinaingia, bomoa kuba. Sakafu kama haijacheza iache. Ukimaliza kujenga usikimbilie kuoka, wiki nzima washa vijiti vidogo, ongeza pole pole kila siku, maji ya kwenye udongo yakigeuka mvuke kwa ghafla yanapasua hata kazi nzuri.

Mama Mikate, Mbale
Jumamosi nabomoa. Vile vipande nachukua vya kuzungushia nje tu, na wateja nawaambia leo kwamba kuanzia hapo mkate hakuna mpaka tanuri ikauke.