Kwa nini Yankees na Red Sox hawapikiki chungu kimoja?

Mkazi wa Hartford
Ndugu zangu, ninaishi Connecticut, kati ya New York na Boston, ambako watu wa mtaa mmoja hugawanyika, hawa Yankees, timu ya besiboli ya New York, na wale Red Sox, timu ya Boston. Kila ninapouliza chanzo cha uhasama huu hutajiwa Babe Ruth, mchezaji wa zamani aliyeuzwa na Red Sox kwa Yankees. Je, kuuzwa kwa mchezaji mmoja tu kunatosha kuleta uchungu wote huu?

Mpenzi wa Besiboli
Ndiko kulikoanzia. Mwishoni mwa mwaka 1919 mmiliki wa Red Sox, Harry Frazee, aliwauzia Yankees Ruth kwa dola 100,000. Boston, waliokuwa mabingwa mwaka 1918, walikaa miaka 86 bila taji la ubingwa, ilhali Yankees, ambao hawakuwa wametwaa hata moja, walifikisha 26 ilipofika mwaka 2000.

Shabiki wa Boston
Kwa heshima, ndugu yangu, mauzo yale pekee hayatoshi. Kilichotuumiza ni kuukaribia ushindi na kunyang'anywa na watu walewale. Mwaka 1978 tuliwaacha Yankees kwa michezo 14 kwenye msimamo wa ligi mwezi Julai, wakatufikia, na katika mchezo wa kuamua Bucky Dent wa Yankees, ambaye hakuwa mpigaji wa kuogopwa, akaupitisha mpira juu ya ule ukuta mrefu wa Fenway Park, uwanja wetu, pigo ambalo huingiza alama moja kwa moja. Mwaka 2003 Aaron Boone, naye wa Yankees, akatumaliza kwa pigo la namna hiyohiyo.

Ndiyo maana mwaka 2004 hausahauliki. Tulikutana na Yankees katika mfululizo ambao wa kwanza kushinda michezo minne ndiye husonga mbele. Tulikuwa tumefungwa mitatu ya mwanzo, wa tatu kwa 19–8, na katika wa nne tulikuwa nyuma kwa alama moja zamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, mkimbiaji wetu Dave Roberts alipoingizwa kituo cha kwanza. Kila mtu alijua atakimbilia kituo cha pili. Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees, alirusha mpira kituoni mara tatu ili kumzuia. Alipomrushia mpigaji, Roberts akachomoka, akajitupa kifudifudi na kugusa kituo cha pili kabla Derek Jeter wa Yankees hajamgusa kwa mpira. Pigo la Bill Mueller wetu likamwingiza nyumbani, tukasawazisha, kisha tukashinda minne mfululizo baada ya kufungwa mitatu ya mwanzo, jambo ambalo hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyokuwa imelifanya.

Mwana Bronx
Mimi ni Yankees, na kipigo kile kinaniuma hadi leo. Hata hivyo, naomba tusiuite uhasama huu chuki. Aprili 2013, siku moja baada ya mabomu kulipuka kwenye marathoni ya Boston, uwanjani kwetu ulipigwa wimbo ambao mashabiki wa Red Sox huuimba Fenway, na mashabiki wetu wakauitikia. Tukikutana tena msimu huu, bado nataka tuwafunge.