Asali imerudishwa kwa unyevu, na kipimo nilichonunua kinaonyesha weupe mtupu. Nisaidieni

Mrina wa Sikonge: Wakuu, habari za jioni. Mnunuzi karudisha ndoo zetu sita, anadai unyevu ni 22% na mwisho wake ni 20. Hatukuwa na cha kumbishia. Nikaagiza refraktomita mtandaoni, kile kipimo cha kuchungulia kwa jicho. Napaka asali, nachungulia, weupe juu mpaka chini. Ni mbovu au sijui kuitumia? Kijana mmoja anasema ipo programu ya simu inayopima asali kwa picha. Nitupe hiki kidude?

Kapeto: Mkuu, namba za ndani zinaishia ngapi?

Mrina wa Sikonge: 0 hadi 32, Brix, yaani asilimia ya sukari.

Fundi Vipimo: Umeuziwa ya juisi na miwa, ndugu yangu. Nzima kabisa, ila si ya kazi yako. Inapima mwanga unavyopinda: maji ni 1.333, asali yenye unyevu wa 20% ni 1.4865 kwenye nyuzi joto 20. Asali imeipita skeli yako mbali, mpaka wa bluu na nyeupe umetokea juu. Tafuta ya asali, Brix 58 hadi 90, yenye herufi ATC ubavuni, hiyo hujirekebisha kwa joto.

Ikifika usiiseti kwa maji! Maji hayasomeki humo. Huwa inakuja na kichupa cha mafuta yake na kipande cha kioo. Yakiisha, mafuta safi ya zeituni husoma karibu 71. Si ya kuapia, ila utajua kama kipimo kimehama.

Simu sahau. Kamera inaona rangi, na rangi haisemi unyevu. Itumie kuandikia jedwali tu: tarehe, ndoo, kipimo.

Mama Nta: Mnunuzi hajakosea, 20% ndiyo ya Codex, viwango vya kimataifa vya chakula. Swali langu: mlirina masega gani? Yasiyofunikwa nta bado ni machanga, yatachachuka tu. Na ndoo ikikaa wazi asali inanywa unyevu wa hewani. Iliyoganda msiipime hivyo hivyo, wekeni chombo chake ndani ya maji ya vuguvugu kwanza ipate joto, mkoroge.

Mrina wa Sikonge: Mama umenishika. Ndoo mbili tulichanganya machanga, vijana walikuwa wanawahi kabla ya giza. Zile nne nazipima upya kipimo kikifika, ndipo nimpigie. Hii ya 0 hadi 32, kuna mwenye miwa humu?

Kapeto: Nina mananasi. Njoo inbox.