Hita ya maji ya gesi: dohani ya kawaida, ya feni, au bomba ndani ya bomba?

Nyundo_na_Koki
Wakuu, nalinganisha hita tatu za gesi ya mtungi, zote za lita 10 kwa dakika, kama kW 20 hivi:

A: dohani ya kawaida, moshi unapanda wenyewe. Inawashwa na betri mbili kubwa.
B: ya feni. Inavuta hewa ya chumbani, inasukuma moshi nje. Inataka umeme.
C: iliyofungwa kabisa. Bomba la milimita 60 ndani ya la 100. La ndani linatoa moshi, la nje linaleta hewa. Nayo inataka umeme.

Inaweza kukaa bafuni (mita 2 kwa 1.5, dari mita 2.4) au jikoni, ambako ukuta mmoja umetazama nje. Tangi liko mita 4 juu ya hita. Ipi, na wapi?

Mwali_Buluu
Bafuni, A na B zifute kabisa. Piga hesabu: bafu hilo lina hewa mita za ujazo 7.2. Hita ya kW 20 inakula kama kilo 1.5 za gesi kwa saa, na kuichoma hiyo kunataka zaidi ya mita za ujazo 20 za hewa. Chumba kizima karibu mara tatu, na mlango umefungwa! Hewa ikipungua moto hauzimiki mara moja. Unaanza kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Anayeoga kichwa kinakuwa kizito, miguu inamwishia nguvu, anaanguka kabla hajafika mlangoni. Wengi wanadhani feni ya B inaokoa, lakini hewa inayochomwa bado ni ile ile ya humo ndani.

Kura yangu ni C, jikoni. Mdomo wa bomba usiuweke chini ya dirisha linalofunguka.

Fundi_Dohani
Nakubali kuhusu bafu, ila A tusiitupe. Umeme ukikatika, B na C hazina maji moto, A inaendelea. Jikoni inafaa kwa masharti: tundu la hewa la kudumu ukutani ambalo hakuna mtu atalifunga, dohani ipande wima kwanza kabla ya kona ya kwanza (nusu mita ni kiasi kizuri, kijitabu kikitaka zaidi fuata kijitabu), isipunguzwe kipenyo popote, na itokeze juu ya paa. Kuitoboza ukutani kwa mlalo ndiyo kosa kubwa: upepo ukipiga, moshi unarudi ndani.

Kipimo chake: funga madirisha, washa hita dakika 5 hadi 10, kisha shika kijiti kinachofuka chini ya ukingo wa kofia ya dohani, ile iliyo juu ya hita. Moshi ukinyonywa ndani, sawa. Ukisukumwa usoni kwako, zima, usiitumie.

Mwali_Buluu
Fundi, ongeza hili: kipimo kifanywe feni ya kutoa harufu jikoni ikiwa imewashwa kwa nguvu yake yote. Feni hiyo inaweza kuvuta moshi ukashuka kwenye dohani ya A. Kama ipo na inatumika, mimi A siifungi.

Regulata30
Hapo mmeruka upande wa gesi. Soma bamba la hita: aina ya gesi na presha, kwa kawaida milibari 28 hadi 30 kwa gesi ya mtungi. Hita ya gesi asilia ina nozeli (kitundu kinachopuliza gesi) pana zaidi. Ukiifunga kwenye mtungi mwali unakuwa mrefu wa njano na masizi yanajaa.

Regulata nayo imeandikwa kilo kwa saa. Ya kilo 1 inatosha jiko, hita hii haiitoshi. Dalili: inawaka vizuri, ukifungua maji zaidi mwali unanywea. Mtungi wa kilo 6 nao utatoka jasho kisha barafu, kwa sababu gesi haigeuki mvuke kwa kasi hiyo. Usiulaze, usiupashe moto. Ukae wima, nje, mbali na mfereji au shimo, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na inatambaa chini. Mpira usizidi mita 1.5 na usipite ukutani. Zaidi ya hapo tumia bomba la shaba au chuma.

Nyundo_na_Koki
Nimeelewa, naelekea C jikoni. Presha ya maji inatosha? Na kuwasha mara ya kwanza?

Fundi_Dohani
Mita 4 ni kama bari 0.4 maji yakiwa yametulia. Hita inayotaka bari 0.25 itawaka, ila lita 10 kamili usizitarajie.

Kuwasha: suuza bomba la maji kabla ya kuliunganisha, mchanga usizibe chujio. Fungua koki ya maji moto hadi iache kutema hewa, ifunge. Ndipo ufungue gesi, upake povu la sabuni kila kiungo, hata vya kiwandani, uangalie dakika moja moja. Kiputo kikikua, funga gesi, rekebisha, paka tena. Kiberiti kisikaribie.

Mara mbili tatu za kwanza huenda isiwake, bomba la gesi lina hewa. Funga maji, subiri kidogo, fungua tena. Ukinusa gesi, acha, fungua milango, usiguse swichi. Mwali uwe wa buluu, umetulia.

Regulata30
Kengele ziwe mbili. Ya gesi ya mtungi kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Ya kaboni monoksidi kwa kimo kinachotajwa na kijitabu chake. Inayofuata EN 50291 (kiwango cha Ulaya cha kengele hizi) hulia ndani ya dakika 3 kaboni monoksidi ikifika ppm 300 (sehemu 300 kwa milioni ya hewa), lakini kwa ppm 50 husubiri dakika 60 hadi 90. Kwa hiyo kichwa kikiuma jikoni na kengele imenyamaza, zima hita utoke kwanza.