Tupeane uzoefu: init (programu ya kwanza kuanza Linux ikiwaka, inayowasha huduma nyingine) ilipobadilishwa kwenye mashine yako, uliamua au uliamuliwa?

mlinzi_wa_seva
Wakuu, natunza seva za Linux tangu enzi za /etc/inittab, faili la mipangilio la init ya zamani, sysvinit, na hadi leo sijaisahau kura ya Februari 2014 ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ya kuchagua init mpya. Kati ya systemd na Upstart, kamati ya ufundi iligawanyika wanne kwa wanne, ikaamuliwa kwa systemd na kura ya turufu ya mwenyekiti, Bdale Garbee. Novemba ya mwaka uleule Devuan, tawi la Debian lisilo na systemd, ikatangazwa na waliokataa. Sitaki ligi ya ipi bora. Kila mmoja aeleze yaliyomkuta.

Naanza. Nilikuwa na skripti ya /etc/init.d ya mistari karibu 200, na nusu yake ilihangaika na faili la PID tu, yaani lenye namba ya mchakato wa huduma. Huduma inakufa usiku, faili linabaki, asubuhi skripti inaapa kwamba huduma iko hai. Nilipohamia systemd, skripti yote ikawa mistari 11, mmoja wao ukiwa Restart=on-failure, yaani huduma ikianguka iwashwe tena. Michakato ya kila huduma inafuatiliwa kwa cgroups, makundi ya michakato yanayosimamiwa na kerneli, hakuna kubahatisha. Hapo sina ubishi, nilipumua.

Kilichoniuma kilikuwa kwenye laptop. Niliitaka ibaki na sysvinit, lakini GNOME, mazingira ya dirisha ninayotumia, ilihitaji logind, kisimamizi cha kuingia na kutoka kwa watumiaji, na logind ni ya systemd. Nikaishi kwa muda na systemd-shim, kifurushi cha kuziba pengo, hadi nacho kikakosa mtunzaji. Hakuna aliyenikataza kuchagua. Vifurushi vilitegemeana tu mpaka uchaguzi wenyewe ukaisha.

kamba_ndefu
Mkuu, mimi yangu ni ya 2016. Toleo la 230 la systemd lilikuja na mpangilio mpya: ukitoka kwenye akaunti, michakato yako yote inauawa. Sikuwa na habari. Nilikuwa na hesabu inakimbia siku ya tatu ndani ya tmux, programu inayoshikilia kikao cha terminal. Nikatoka, nikarudi jioni, naandika `tmux attach`, najibiwa hakuna kikao. Nilikaa nikiangalia ule mstari kama mtu aliyeibiwa. Dawa ilikuwa KillUserProcesses=no kwenye logind.conf, basi. Debian wao waliuzima mpangilio huo kwa watumiaji wao, na nawashukuru. Lakini tmux na screen zipo kwa ajili ya kubaki hai ukishatoka! Anayebadilisha kitu cha namna hiyo angemuuliza kwanza anayekitumia.

mtunza_kifurushi
Naomba niseme upande wa pili, kwa sababu unaumiza pia.

Natunza kifurushi kimoja cha huduma ya mtandao. Niliahidi kubeba vyote viwili, faili la systemd na skripti ya sysvinit. Faili la systemd likiharibika, kabla ya jua kuzama nina ripoti tano. Kwenye skripti, kimya. Toleo moja nilibadilisha jina la chaguo la amri, nikarekebisha huku, nikasahau kule. Skripti ilikaa imevunjika miezi minane. Miezi minane, wakuu, na huku kuna watu wanagombana kila siku kuhusu haki ya kuitumia. Mtu mmoja tu ndiye aliyeandika, na aliandika akiwa na kiraka, yaani marekebisho, tayari mkononi.

Desemba 2019 Debian walipiga kura tena, ikapita ile ya kukazia systemd huku wakiunga mkono kazi ya kutafuta mbadala. Naiheshimu. Ila mbadala unahitaji mtu wa kuuwasha, kuuzima na kuripoti. Peke yangu siwezi.

folda_moja
Niko Void, Linux nyingine, natumia runit, init tofauti na systemd. Huduma ni folda yenye faili la `run`, unaiunganisha na /var/service, imewaka. Nilihama kwa hiari na sijawahi kumlaumu aliyebaki.

diski_ya_pili
Mimi nilichomoa diski ya akiba bila kufuta mstari wake kwenye fstab, orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka. Zamani mashine ingelalamika na kuendelea. Safari hii ikahesabu sekunde 90, kisha ikanitupa kwenye hali ya dharura, na seva iko mbali, sina kibodi pale. Neno `nofail` lingeniokoa. Tangu hapo kila diski isiyo ya lazima naiandikia hivyo.

mlinzi_wa_seva
@kamba_ndefu pole sana. Siku tatu si mchezo.

@mtunza_kifurushi maneno yako yamenigusa, maana mimi ni mmoja wa waliopiga kelele bila kuripoti chochote. Ile laptop yangu leo inakwenda kwa elogind, yaani logind iliyotolewa ndani ya systemd ikasimama peke yake. Kuna watu walikaa chini wakaifanya kazi hiyo, na mimi sikuchangia hata mstari. Nina mashine mbili za sysvinit ambazo hazina kazi nzito. Nitumie jina la kifurushi chako kwa ujumbe wa pembeni. Kila toleo jipya nitaliwasha, nitalizima, nitaliua kwa nguvu nione kama skripti inaligundua, na majibu utayapata siku hiyohiyo.