Msaada: nataka kukopi diski ya gemu kabla haijafa kabisa

BabaPacha: Wakuu, habari za saa hizi. Nina diski ya gemu ya PlayStation imepata mikwaruzo. Inaanza vizuri, nembo inatokea, ila ikifika kupakia hatua ya tatu inagoma. Lensi inalia krr, krr, halafu kimya. Nataka niihamishie kwenye kompyuta, kisha niichome kwenye CD tupu. Nitumie programu gani na spidi ipi? Naombeni haraka, mwisho wangu ni Jumamosi.

MzeeWaPedi: Umenikumbusha mbali sana. Enzi zetu konsoli ya kwanza lensi ilichoka, tukawa tunaipindua juu chini ndipo isome, na daftari chini yake isiteleze. Diski za kopi tulikuwa tunaziwasha kwa ujanja: unabana kile kitufe cha mfuniko kwa kijiti cha kalamu, unaanza na diski halisi, konsoli ikishairidhia unaichomoa na kuweka ya kopi. Kaka yangu alikuwa na mkono mwepesi kwa kazi hiyo, mimi nilikuwa nachelewa kila mara.

FundiLensi: Mzee, tumsaidie mleta uzi kwanza. BabaPacha, mikwaruzo imekaaje? Inatoka katikati kwenda ukingoni, au inafuata mzunguko? Na umeshaipaka kitu?

BabaPacha: Ilikuwa inaenda ukingoni. Nikasoma mahali kwamba dawa ya meno inasaidia, nikaipaka upande wa chini, ule wa bluu, nikasugua kwa kuzungusha kama dakika kumi. Sasa kuna ukungu wa duara. Lakini tujikite kwenye kuchoma jamani, kusafisha nimeshamaliza.

FundiLensi: Pole mkuu, hapo ndipo ulipoiumiza. Data kwenye CD imejipanga kwa mstari mmoja mrefu unaozunguka. Mkwaruzo wa kwenda ukingoni unaukata mstari huo vipande vifupi, na draivu ina hesabu za kuziba pengo la hadi karibu milimita 2.5. Mkwaruzo wa duara unatembea na mstari wenyewe, unafuta habari mfululizo. Usisugue tena! Ukifuta vumbi, tumia kitambaa laini, toka kwenye tundu kwenda nje.

Programu tumia ImgBurn, isome kwa spidi ndogo kabisa ambayo draivu yako inakubali. Ikikutolea faili la BIN (data yenyewe) na la CUE (ramani yake), yatunze yote mawili. Ikigoma mahali usiiambie iruke, maana ukiruka unabaki na kopi yenye tundu lilelile. Jaribu draivu nyingine. Draivu mbili hazisomi diski chafu kwa namna moja.

BintiSheria: Ndugu zangu, kabla ya spidi tuulizane haki. Marekani wana sheria ya 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali. Uingereza waliruhusu mwaka 2014 mtu anakili alichokinunua kwa matumizi yake mwenyewe, na mwaka uliofuata mahakama ikaitengua ruhusa hiyo. Hata ilipokuwepo, haikuhusu kitu cha kuazima. BabaPacha, diski ni yako?

BabaPacha: Dada, sikuja kwa mambo ya mahakama. Ni kopi moja tu.

Kitasa: Hiyo kopi utaichezea wapi? Konsoli isiyo na chipu ya kukwepa ukaguzi wa diski haiwashi diski ya kuchoma.

BabaPacha: Yangu ina chipu, haina neno. Ya kwake ndiyo sina uhakika.

Kitasa: Ya kwake nani?

MzeeWaPedi: Hapo sasa. Sema tu mwanangu, hatukuli.

BabaPacha: Sawa. Diski ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Niliwaazimia wanangu. Wakaiweka chini sakafuni, mmoja akaikanyaga na kuiburuta. Jumamosi anakuja kuichukua. Mpango wangu ni kumrudishia kopi kwenye kasha lilelile. CD tupu kumi nimeshanunua, stika ya juu nimeshachapisha, imetoka safi sana. Na msinihukumu, yeye mwenyewe hachezi siku hizi, anazipanga tu kabatini kwa herufi. Nikimwambia ukweli, nyumba nzima itanuna kwa sababu ya diski.

BintiSheria: Mtu anayepanga diski zake kwa herufi ndiye atakayejua wa kwanza. Shemeji hadanganywi kwa stika.

Kitasa: Wadau, tunalishwa chai hapa. Diski za PlayStation zina weusi chini, kila aliyewahi kuishika anajua. Huyu anasema ya bluu. Hajawahi kuiona hiyo diski, katunga aone tutasemaje.

MzeeWaPedi: Kweli bwana, zetu zilikuwa nyeusi tii. Na mimi nilikwisha fungua moyo.

BabaPacha: Siwezi kutunga kitu kinachoninyima usingizi. Ni ya bluu, iko mbele yangu sasa hivi! Konsoli ni PlayStation 2, sikuandika namba.

FundiLensi: Kitasa, mwamini. Nyeusi ni za PlayStation ya kwanza. PlayStation 2 ilipotoka mwaka 2000 gemu zake nyingi zilikuwa DVD, za rangi ya fedha, ila zilizotosha kwenye CD zilipewa bluu. Anachosema ni sahihi.

Sasa BabaPacha, bluu hiyohiyo ndiyo itakayokuumbua. Shemeji akigeuza diski ataona rangi nyingine. Na hata ukipata CD tupu inayofanana, konsoli isiyo na chipu inakagua alama za kiwandani ambazo draivu ya kuchomea haiwezi kuziandika. Ataiweka, itamkatalia. Stika nayo usiibandike kabisa. Kwenye CD data iko chini tu ya upande wa maandishi, gundi ikivutwa inang'oka nayo, na stika ikikaa upande diski inayumba.

Kitasa: Samahani BabaPacha. Nilikuhukumu haraka.

BabaPacha: Yameisha ndugu. Mrejesho: laptopu yangu ilikwama asilimia 61, mara tatu, palepale. Nikaipeleka kwenye kompyuta ya mezani ya rafiki, spidi ndogo, ikasoma kwa muda wa saa mbili na nusu. Mwishoni ilikuwa inavuta pumzi, ila imemaliza bila kosa hata moja.

FundiLensi: Linganisha hashi, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili, na orodha ya Redump, tovuti inayotunza hashi za diski halisi. Ikipishana herufi moja, kopi si kamili.

BabaPacha: Nimelinganisha hashi ya aina ya SHA-1, herufi kwa herufi, iko sawa.

BintiSheria: Hongera. Basi faili hilo ni haki ya mwenye diski. Yeye umemwambia?

BabaPacha: Nimempigia jana usiku. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kama kitabu cha maelekezo bado kimo ndani ya kasha. Kimo. Akasema nisiiguse tena, atakuja kuiangalia mwenyewe. Diski nimeirudisha kwenye kasha lake, faili nimeliweka kwenye flashi niliyoifunga kwa mpira pamoja na kasha, na stika nimeichana.